Ngumi, Dole Gumba na Vidole Viwili

Sura ya Tisa

Wanaume wote waliopita nyuma ya vizimba vya farasi siku ile ya mashindano walikuwa na vyuma vya kuchokoza farasi visiginoni, na vyuma vyote vililia, lakini Marit Solberg alimjua Royce Pickett kwa mlio wa hatua zake tu. Hakuinua uso. Aliendelea kushona manyoya ya kondoo kwenye mkanda wa kiunoni, ule anaofungwa farasi mkorofi ili umtekenye na arushe mateke juu zaidi. Sindano ikamchoma. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, aliyekulia mgongoni mwa farasi, anajidunga sindano kwa sababu kuna mwanamume anavuka kokoto kuja alipo.

"Unanikimbia?" Royce akauliza.

"Nimekaa. Mtu anakimbiaje na amekaa?"

"Wewe unajua kukimbia hata ukiwa umekaa. Nimeshakuona kanisani."

Alilitua tandiko lake chini, akakaa juu ya robota la majani makavu, magoti yake karibu yaguse ya Marit. Lilikuwa tandiko la mashindano, lisilo na ile pembe ya mbele ambayo wafugaji huzungushia kamba wakinasa ndama, na vikuku vyake vya kukanyagia vilikuwa vimevutwa mbele ili miguu ifike mabegani mwa farasi. Ngozi yake ilikuwa imekoza weusi kwa jasho na ulimbo. Shati alilovaa lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Marit alijiambia asitazame shingo yake, akaitazama.

"Umenyoa."

"Mama yako alinifundisha. Alisema mtu asiende kwenye shughuli kubwa na uso kama shamba lililovunwa na mlevi."

"Alikuambia hayo kabla Baba hajakufukuza nyumbani."

"Kabla. Siku hizi ananiuzia pai tu. Ila ananikatia kipande kikubwa mzee asipoangalia."

Marit alicheka. Toka alipokaa aliweza kuliona banda la kanisa, upande wa pili wa uwanja, na mgongo wa mama yake Gudrun aliyekuwa akikata pai za matunda ya mwituni. Mama alikuwa ameweka meza yake hivyo makusudi. Tangu Anders afe, Gudrun Solberg hakuwahi kuutazama tena uwanja wa farasi, hata kwa pembe ya jicho.

Anders alikuwa kaka yake Marit, mtoto wa kiume wa pekee. Mguu wake ulinasa kwenye kikuku katika uwanja mdogo kama huu, majira kama haya, na farasi akamburuta mpaka waokozi, wale wapanda farasi wanaowatoa walioanguka, walipowahi, na kuwahi kwenyewe kukawa kuchelewa. Baba yao, Nels, aliendelea kuleta farasi kwenye mashindano, maana ndiyo kazi ya ukoo na Montana nzima inaijua chapa ya Solberg. Ila aliapa jambo moja. Royce alipofika barazani majira ya kuchipua, kofia mkononi, kuja kumposa Marit, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Nimeshazika mtoto mmoja mwenye tandiko kama lako. Sitaki kuzika na mkwe. Usikanyage tena hapa." Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na huko kutobamiza ndiko kulikomwogopesha Marit zaidi.

"Umesikia nimepangiwa nani?" Royce akauliza.

"Shangazi Ida."

"Shangazi Ida mwenyewe!" Alipiga makofi kwa furaha. Ida alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia iliyokolea, na Nels alimpa jina la shangazi yake mwenyewe, mama mmoja aliyeogopwa jikoni na kanisani. "Nikikaa juu yake sekunde nane mpaka king'ora kilie, Mari, nimefuzu. Naenda Las Vegas kwenye fainali na wakubwa."

"Na usipokaa?"

"Tulishasema." Uso wake ukatulia. "Nisipofuzu mwaka huu, nauza tandiko hili. Nachukua ile kazi ya ranchi kule Mto Milk, halafu naenda kumpigia baba yako magoti mpaka achoke kuniona chini. Nilikuapia. Sijasahau."

"Na ukifuzu?"

Royce alijikuna shingo. "Nikifuzu... unajua ilivyo. Ukishafika mara moja wanakuita tena. Mwaka mmoja zaidi. Miwili, labda."

Mwaka mmoja zaidi. Anders alisema maneno hayo hayo mezani, mdomo umejaa viazi, na Mama akampiga kibao cha mzaha kwa kuongea huku anatafuna.

"Sasa niambie," Royce akasema. "Shangazi anakula hatamu kiasi gani?"

Mpanda farasi mkorofi ana hatamu moja tu, kamba nene iliyosukwa na kufungwa chini ya kidevu cha farasi, naye huishika kwa mkono mmoja. Urefu wake ndio uhai wake. Ikiwa fupi, farasi akiinamisha kichwa anakung'oa na kukupitisha juu ya shingo yake. Ikiwa ndefu, huna cha kuegemea, unakwenda kinyumenyume. Hupimwa kwa mkono kuanzia mbele ya tandiko, ngumi na dole gumba, na kila farasi ana kipimo chake. Kwa hiyo watu huulizana. Na ukiulizwa unasema kweli, awe ni hasimu wako aliyekushinda jana, awe ni yule aliyetoroka na mkeo. Nchi ile ina watu wanaodanganya kwenye karata, kwenye kodi, hata kwenye chapa za ng'ombe za majirani. Kwenye hatamu hapana.

Marit alimjua Ida tangu usiku aliozaliwa. Ngumi, dole gumba, na vidole viwili juu yake, maana Ida huzika kichwa mpaka magotini. Angeweza kulisema hilo usingizini.

"Ngumi na dole gumba," akasema.

"Basi?"

"Basi."

Royce alimtazama. Alimtazama kwa muda, kwanza kama mtu anayeuliza jambo, kisha kama mtu aliyejibiwa, na macho yake yakajaa kitu ambacho Marit alikiona ni mapenzi. Na kweli yalikuwa mapenzi. Alimbusu kwenye paji la uso, mbele ya watu, bila kujali baba yuko wapi.

"Asante, Mari," akasema. "Sasa nimejua wa kumwamini."

Akalibeba tandiko lake, akaondoka. Marit alibaki na mkanda mapajani. Mungu ni shahidi, hakutaka aumie. Ida hakuwa farasi mbaya. Alikuwa akiwamwaga watu kama mama anavyomwaga maji ya vyombo, mara moja na mbali. Royce angeanguka kabla ya king'ora, apate vumbi kidogo, acheke, auze tandiko. Wangeoana baada ya mavuno. Alijiambia hivyo mara nyingi mpaka akaanza kuamini.

*

Alipopanda uzio wa vizimba, Royce alikuwa tayari amejishusha kutoka uzioni na kuketi mgongoni kwa Ida. Nels Solberg alisimama upande wa kichwa, mkono wa kushoto umeshika kamba ya kichwani mwa farasi. Mkono wa kulia wa mzee haukuwa na dole gumba. Kamba ilimkata ujanani, siku aliyomnasa fahali na kuizungusha kamba kwenye pembe ya tandiko huku dole likiwa bado ndani ya mzunguko. Ndiyo maana wapanda farasi walikuwa na utani wao: kipimo cha Nels, walisema, ni ngumi na dole gumba la kuazima. Na dole lenyewe lilikuwa la Marit. Tangu akiwa mdogo, baba aliweka ngumi kwenye hatamu, akasema, "Niazime dole, mama," naye akalisimamisha dole lake kando ya ngumi ile kubwa, akijiona ndiye mtu wa maana kuliko wote duniani.

Royce alipima. Ngumi, dole gumba. Akang'oa unywele wa shingo ya Ida, akaufunga kwenye hatamu kuweka alama pale mkono wake utakaposhika.

"Fupi hiyo," Nels akasema.

"Ndivyo ninavyotaka, mzee."

"Nilikuambia asubuhi. Ngumi, dole gumba, vidole viwili. Huyu anazika kichwa."

Marit akaukamata uzio. Kumbe Royce alishauliza. Alimuuliza Baba, na Baba, aliyemfukuza barazani, aliyekataa hata jina lake lisitajwe mezani, alikuwa amemwambia kweli.

"Asubuhi uliniambia hivyo, ndiyo." Royce hakupunguza sauti. Wanaume waliokuwa wakipaka ulimbo na kukaza mishipi waliacha kazi zao. "Baadaye nikamuuliza mtu mwingine wa nyumba yako, akaniambia vingine. Mmoja wenu anataka nianguke, mzee Solberg. Na sihitaji kupiga ramli kujua ni yupi."

Clayton Ruud, mmoja wa waokozi wawili waliokuwa tayari juu ya farasi zao uwanjani, aligeuza kichwa. Kumwambia mtu wa nchi ile kwamba amedanganya kwenye hatamu ni kumtukania mama, baba na kaburi. Nels hakubadilika rangi. Aligeuka polepole, macho yake yakapanda uzio mbao kwa mbao mpaka yakamfikia binti yake.

"Marit," akasema. "Wewe umemwambia nini?"

Wote wakamtazama. Neno moja lingetosha. Nimekosea, ongeza vidole viwili, na Royce angefungua ule unywele na kuufunga upya. Kisha angepanda vizuri. Angefuzu. Mwaka mmoja zaidi, miwili labda, na yeye Marit angekaa majira baada ya majira akisubiri simu ya habari mbaya. Akafungua kinywa. Akaviona viatu vyake, akabaki anavitazama.

"Usimtishe mtoto wa watu," Royce akacheka. Alidhani Marit anamwogopa baba yake. "Twende kazi!"

"Kijana, shuka kwenye farasi wangu."

Lakini Royce alikuwa ameshatikisa kichwa, ishara ya kwamba yuko tayari, na mlango ukafunguliwa.

Mruko wa kwanza alikuwa vizuri, visigino viko mabegani mwa Ida kama sheria inavyotaka, mkono wa pili juu hewani, na watu jukwaani wakapiga kelele. Wa pili pia. Wa tatu Ida akazika kichwa. Hatamu ilinyooka kwa nguvu, ikamvuta Royce kutoka kwenye tandiko, ikampitisha juu ya shingo ya farasi, naye hakuwa mtu wa kuachia. Bega lake lilifika chini kwanza. Ida akapita juu yake.

Marit alisikia mfupa unavunjika, au alidhani amesikia. Na upande wa pili wa uwanja alimwona mama yake, kisu cha pai mkononi, amegeuka. Gudrun alikuwa akiutazama uwanja.

*

Hakufa. Alisimama mwenyewe, akapunga kofia, watu wakampigia makofi, kisha akayumba na Clayton akamshika. Katika hema la huduma ya kwanza nesi alimfunga mkono kifuani, akasema mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika, na kifundo cha mkono pia huenda, apelekwe hospitali mjini Havre akapigwe picha. Akatoka kwenda kutafuta gari.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Clayton akamwambia, akimfuta mchanga shingoni. Alikuwa mtu mzima mwenye masharubu meupe, rafiki wa kila mpanda farasi, mwenye mdomo usio na breki.

"Mimi ni mtulinga, Clay. Guu liko salama."

"Cheka tu. Lakini yule mzee umemkosea, bwana. Nimewaokota watu wengi chini ya Ida, na wote waliofika mwisho walikuwa na vidole viwili vya ziada. Hakuna asiyejua." Aliinua pazia la hema, akamkuta Marit amesimama nje, kofia ameikunja mikononi. "Ingia, dada. Mgonjwa wako anaongea upuuzi. Ndiyo dalili ya kupona."

Pazia likashuka nyuma yake. Royce alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso mweupe, vumbi kwenye kope. Marit akaona anafikiri, na akaona pale mawazo yalipofika.

"Watu husahau," Royce akasema taratibu. "Una farasi wengi nyumbani. Unaweza ukamchanganya mmoja na mwingine. Niambie ulimchanganya."

Alikuwa anamfungulia mlango. Alikuwa anamwomba apite. Marit angeweza kusema ndiyo, na angesamehewa kabla ya kumaliza neno.

"Sikumchanganya."

Royce alifumba macho.

"Nilitaka uanguke," Marit akasema. "Kidogo tu. Ulisema usipofuzu..."

"Najua nilichosema!"

"Basi umejua na kwa nini. Nilimwosha Anders, Royce. Mama hakuweza, nikamwosha mimi. Mchanga ulikuwa masikioni. Nilitoa, nikatoa, hauishi. Kila unapopanda nauona mchanga ule masikioni mwako. Unaniambia mwaka mmoja zaidi, na unacheka!"

"Si ungeniambia? Ungesema, Royce, usipande. Ungenililia. Ungenitukana."

"Ningesema, ungeacha?"

Nje mtangazaji alikuwa akimtania mtu kwa kipaza sauti na watu wakicheka. Royce akajifuta vumbi kwenye kope.

"Sijui," akasema mwisho. "Nisikudanganye. Labda ningepanda. Labda ningekuvunja moyo, lakini ningekuvunja huku nakutazama." Alijaribu kujiweka sawa, maumivu yakamkunja uso, Marit akanyoosha mkono kumsaidia na akaurudisha. "Unajua kwa nini nilikuja kukuuliza? Baba yako alinijibu asubuhi bila hata kunitazama. Nikajiambia, huyu mtu ananichukia, iweje anipe kipimo cha kweli? Nikaja kwako. Ulipotaja kingine, Mari, nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi! Nikasema, baba ananizika, binti ananiokoa. Nikasema nimepata mwanamke."

"Royce..."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Bibi yangu alikuwa akilisema hilo kila siku, nikimwona mshamba tu. Mimi nimemwita baba yako mwongo mbele ya wanaume wote wa wilaya. Yeye akakuuliza, na wewe ukatazama viatu."

Marit alipiga magoti mbele ya kitanda, akaushika mkono wake mzima. Royce hakuuondoa. Kwa muda mfupi vidole vyake hata vilimjibu, vikamkamata kama zamani, na Marit akalia akiwa ameuweka shavuni.

"Nakupenda," akasema. "Ile kazi ya Mto Milk bado ipo. Twende. Sihitaji harusi, sihitaji ruhusa ya mtu. Nitakuuguza."

"Najua unanipenda. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa hunipendi, ningekuwa nimevunjika bega tu." Akautoa mkono wake polepole. "Lakini fikiria na wewe. Nitakuuliza, maziwa yapo? Nitakuuliza, mtoto ana homa au hana? Na kila utakaponijibu, nitakaa nalipima jibu lako. Nitaishije hivyo? Mimi nikiuliza, nilizoea kuambiwa."

"Sitakudanganya tena. Maisha yangu yote."

"Huenda. Ila mimi sitajua."

*

Clayton ndiye aliyeendesha, kwa sababu mkono mmoja haupeleki gari Havre. Walipolisogeza gari nyuma ya vizimba kuchukua tandiko, Royce aliomba asimamishwe. Alishuka kwa shida, akatembea mpaka alipokuwa Nels, akavua kofia kwa mkono wa kushoto. Marit alikuwa amesimama karibu na uzio. Alisikia kila neno, na hakuna aliyejali kama anasikia.

"Mzee, nilikuita mwongo. Nimekosea. Nimekuja kulisema pale pale niliposemea lile la kwanza."

Nels alimtazama muda mrefu, ule mkono wenye shati la pasi lililochanika, lile bega lililoning'inia. Tangu majira ya kuchipua hakuwahi kumtazama hivyo.

"Ulikuwa na sababu ya kunidhania," akasema. "Nilikufanyia ubaya barazani kwangu."

"Lakini uliniambia kweli."

"Uliniuliza hatamu." Mzee alishangaa kidogo, kana kwamba hakuna jibu jingine la kutoa. Kisha akakohoa, akatazama pembeni. "Nenda kawekwe hilo bega sawa. Ukipona, njoo nyumbani. Kiti kipo barazani. Nilisema neno kali, nalirudisha."

Miezi yote ile aliyomwomba baba yake, aliyokataa chakula, aliyomlilia mama yake amsemee, ilikuwa kwa ajili ya maneno haya. Na sasa yalikuwa yamesemwa, hapa, kwenye mavi ya farasi na kelele za kipaza sauti.

Royce alimtupia Marit jicho mara moja tu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Asante, mzee," akasema. "Umenipa heshima. Ila barazani kwako sina tena ninayemfuata."

Akavaa kofia. Clayton alilitupa tandiko nyuma ya gari, akamfungulia mlango. Gari lilipita kati ya matrela, likakata kona kwenye miti ya kando ya mto, vumbi likabaki limesimama barabarani. Marit alingoja lisimame, lirudi nyuma, mlango ufunguliwe. Vumbi lilishuka taratibu juu ya majani, na barabara ilikuwa tupu.

Baba yake hakumgombeza. Angemgombeza angalau angekuwa na la kujibu. Alirudi kizimbani, maana mashindano yalikuwa yanaendelea na farasi wengine walikuwa wameshaingizwa. Marit alimfuata, akapanda pale pale anapopanda siku zote, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kuuweka mwili wake.

Mpanda farasi aitwaye Teddy Brandvold, mwenye ndevu nyekundu, alikuja na tandiko begani. Zamani angemuuliza Marit kwanza, na kumtania kidogo. Leo alimpita.

"Mzee Nels. Huyu mwenye doa usoni anakula kiasi gani?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Nels aliishika kamba ya kichwani kwa mkono wa kushoto, maana farasi alikuwa hatulii. Akaivuta hatamu juu ya tandiko, akaikaba kwa ile ngumi yake ya kulia. "Niazime..." akaanza, kwa mazoea ya miaka mingi, na akanyamaza.

Dole la Marit lilikuwa tayari limefika, limesimama kando ya ngumi ya baba yake, karibu liguse. Nels alilitazama. Alilitazama bila hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye jiwe la kaburi. Kisha akaisogeza ngumi yake upande wa pili, kwa Teddy.

"Weka lako, kijana," akasema.

Teddy akaweka lake. Marit alilikunja dole lake ndani ya kiganja, akashuka uzioni, akazunguka uwanja kwenda kumsaidia mama yake kuosha sahani za pai.